Shilingi 200 za Jina

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 20:14, Mithali 11:1, Mwanzo 27, Luka 3:12–13



Wiki hii ukurasa huu unazungumzia miwani ya jua. Najua kuna watakaocheka. Tumezoea kusoma hapa habari za maombi, ndoa na malezi, sasa pasta msaidizi ametuletea miwani! Lakini nivumilieni kidogo. Sisi ni watu wa Diani. Ukitembea ufuoni kutoka Kongo kuelekea Galu, huendi mbali kabla hujakutana na kijana amebeba ubao wa miwani: Ray-Ban, Gucci, Prada, Versace, zote zimepangwa safu safu, zinameta. Ukirudi Ukunda, ziko kando ya barabara, ziko stejini, ziko mpaka kwa muuza kava za simu. Wanaouza ni ndugu zetu, na wengine tunakaa nao benchi moja Jumapili. Wanaonunua ni sisi na wageni wetu. Na tuseme ukweli, nyingi ya hizo hazikutoka kwa mwenye jina lililoandikwa juu yake.

Swali lililonifanya niandike liliulizwa na ndugu mmoja kijana, muuzaji, baada ya mafundisho kuhusu kazi. Aliuliza hivi: "Pasta, mimi simdanganyi mtu. Nauza Ray-Ban shilingi 500. Mteja anajua Ray-Ban ya 500 haiko duniani. Mimi najua, yeye anajua, kila mtu anaenda nyumbani amefurahi. Sasa dhambi iko wapi hapo?"

Nilimwambia anipe muda, kwa sababu ni swali zuri. Mimi nimesomea biashara, na kule chuoni tulifundishwa kwamba mauzo ya haki ni yale ambayo pande mbili zimekubaliana bei, kila mmoja akijua anachopata. Kwa kipimo hicho ndugu yetu amepita. Kama kuna kosa, basi liko mahali pengine, na itabidi tulitafute.

Kutambua kabla ya kutoa pesa

Tuanze na mkono kabla ya moyo. Kuna watu ambao hawajui. Wanauziwa feki kwa bei inayokaribia ya halisi, wanatoa 6,000 au 8,000, wanaondoka wakijisifu wamepata bei ya chini. Hao wanahitaji kwanza kusaidiwa kutambua.

Chukua Ray-Ban, maana ndiyo utakayoiona zaidi kwenye mbao za ufuoni.

Kwanza, fungua na ufunge mikono yake. Bawaba ya miwani halisi ni ya chuma, imeshikwa na skrubu, na inakwenda kwa ukakamavu ule ule kushoto na kulia. Feki nyingi zina bawaba ya plastiki au iliyogandishwa kwa gundi, mkono mmoja umelegea, mwingine umekaza. Pitisha kidole kwenye fremu yote: ukisikia mshono wa plastiki, kama ule wa beseni la bei rahisi, weka chini.

Pili, soma ndani ya mikono. Halisi huwa na namba ya modeli, namba ya rangi na vipimo. Aviator kubwa ya chuma, kwa mfano, huandikwa RB3025, halafu namba kama 58 na 14 zikitenganishwa na kisanduku kidogo. Hiyo 58 ni upana wa kioo kwa milimita, na 14 ni nafasi ya katikati, hapo puani. Chukua rula upime. Aliyeiga mara nyingi amenakili maandishi bila kujua maana yake: imeandikwa 58 na kioo ni 55, au namba ya Aviator imewekwa kwenye Wayfarer, ambayo namba yake ni RB2140.

Tatu, tazama vioo vyenyewe. Kwenye kioo kimoja, pembeni karibu na bawaba, kuna herufi RB ndogo sana zilizochongwa. Pitisha ukucha, utazisikia. Zile za zamani zina BL, maana Ray-Ban ilianzishwa na kampuni ya Marekani, Bausch & Lomb, miaka ya 1930, ikauzwa kwa Luxottica ya Italia mwaka 1999. Kwenye kona ya juu ya kioo kingine kuna jina la Ray-Ban. Likibanduka kwa ukucha, hiyo ni stika.

Nne, jina hilo likifuatwa na herufi P, maana yake kioo hicho kinakata mng'ao unaoruka kutoka majini na barabarani. Hilo ni rahisi kulipima. Washa simu yako, tazama skrini kupitia kioo cha miwani, halafu zungusha miwani polepole. Kama ni kweli, kwenye simu nyingi kuna mahali skrini itaingia giza. Ukizungusha mpaka mwisho na hakuna kilichobadilika, hiyo P ni pambo.

Tano, usitegemee maneno "Made in Italy". Anayeweza kuiga jina anaweza kuiga na nchi. Tena ziko halisi zinazotengenezwa China. Na usitegemee boksi, kitambaa wala kadi. Hivyo huigwa vizuri kuliko miwani yenyewe.

Hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Waigaji wa leo wanajua kuchonga RB. Lakini ukiziweka pamoja, bawaba, vipimo, kioo, bei na mahali unaponunulia, ni mara chache utakosea. Halisi mpya hugharimu zaidi ya shilingi 10,000. Mtu akikuuzia mpya kwa 1,500 akasema ametumiwa na shemeji yake wa Ulaya, wewe mshukuru shemeji na uende zako.

Sasa, kuna jambo kubwa kuliko jina, nalo ni macho yako. Miale ya UV ya jua ni mojawapo ya sababu za mtoto wa jicho, na za ile nyama inayoota juu ya weupe wa jicho, ambayo huwapata sana watu wa kazi za juani kama wavuvi. Hapa kwetu miale haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu wa ufuo huirudisha takriban asilimia 15, na povu la bahari takriban asilimia 25. Kioo cheusi kisichozuia miale hiyo kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa miwani kabisa, kwa sababu giza linaifanya mboni ipanuke, na miale inapata mlango mpana wa kuingilia. Weusi wa kioo si kinga. Stika ya UV400 inamaanisha kioo kinazuia miale mpaka nanomita 400, lakini stika huchapishwa na yeyote mwenye mashine.

Kipimo kipo karibu kuliko unavyofikiri. Nenda kwa wakala wa M-Pesa mwenye ile taa ya kukagulia noti. Weka noti chini ya taa, utaona alama zinawaka. Halafu weka kioo cha miwani katikati ya taa na noti. Alama zikizimika, kioo kinazuia. Zikiendelea kuwaka vile vile, hiyo miwani ni kivuli tu. Si kipimo cha hospitali, na duka la macho lenye mashine litakupa jibu la uhakika zaidi, lakini kitakuokoa na zile mbaya kabisa.

Na kwa haki niseme hivi: miwani ya bei rahisi si lazima iwe mbaya. Plastiki ya polikaboneti huzuia sehemu kubwa ya UV kwa asili yake. Nimeona ya shilingi 300, isiyo na jina la mtu, ikipita kwenye taa. Likumbukeni hilo, kwa sababu hoja yangu yote inategemea hiyo miwani ya 300.

Kama wote tunajua

Turudi kwa ndugu yetu. Yeye ana hoja tatu, na zote nazichukua kwa uzito.

Hoja ya kwanza: mwenye jina hapotezi kitu. Anayenunua ya 500 hangenunua ya 20,000 hata siku moja. Kwa hiyo Luxottica haikupoteza mteja. Kihesabu, kwa sehemu kubwa hiyo ni kweli, na sitajifanya si kweli. Lakini nifikirie mambo ya hapa nyumbani. Kuna mama anauza mahamri stejini. Miaka mingi anaamka saa tisa usiku, na watu wanateremka kwenye matatu kwa ajili yake. Siku moja mtu anafungua ng'ambo ya barabara, anaandika jina la yule mama kwenye ndoo yake, anauza mahamri ya jana. Wateja wake ni wapita njia ambao hawangevuka barabara. Utamwambia yule mama hajapoteza kitu? Jina lake ni ahadi aliyoijenga kwa usingizi wake, na mtu mwingine anaitumia ahadi hiyo bila kulala macho hata usiku mmoja. Kila hamri chachu linaloliwa kwa jina lake linakula kidogo cha hiyo ahadi.

Hoja ya pili: hao ni matajiri, na bei zao ni za unyonyaji. Hapa nakubali nusu. Kampuni ile iliinunua Ray-Ban kwa dola milioni 640, na pia hutengeneza miwani kwa leseni ya majina mengine makubwa kama Prada. Shikamano la namna hiyo sokoni linaruhusu bei kupanda mbali na gharama. Unaweza kulilalamikia, na mimi ninalilalamikia. Lakini aliyeianzisha mwaka 1961, Leonardo Del Vecchio, alilelewa katika nyumba ya yatima huko Milano kwa sababu mama yake mjane hakuweza kumlea, akaanza kama mwanagenzi kiwandani. Simtetei kwa utajiri wake. Ninachosema ni kwamba, kama hali ya kuwa na kingi inampa mwingine ruhusa ya kuchukua, basi wewe mwenye plasta na mabati huko Mwabungu ujiandae, maana kuna jirani wa makuti anakuangalia kwa hoja hiyo hiyo.

Tena bei kubwa ingekuwa utetezi kama tungekuwa hatuna njia nyingine. Mithali sura ya 6 inakiri kwamba watu hawamdharau sana mwizi aliyeiba kwa njaa, ingawa hata huyo analipa. Lakini hakuna mwenye njaa ya Gucci. Ile miwani ya 300 iko palepale kwenye ubao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wote wawili wanajua, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Simameni nami mbele ya ule ubao. Upande mmoja kuna miwani isiyo na jina, shilingi 300. Upande wa pili kuna pacha wake: kiwanda pengine ni kile kile, plastiki ile ile, kioo kile kile. Tofauti ni kwamba huyu ameandikwa jina kubwa, na bei yake ni 500. Mteja anajua jina ni la uongo. Muuzaji anajua. Hata hivyo mteja anatoa 500.

Niambieni, zile shilingi 200 za ziada amenunua nini?

Hakununua kinga ya macho. Hakununua uimara. Jina hilo yeye mwenyewe haliamini. Mtu hawezi kulipa pesa yake kwa uongo ambao hauna wa kuudanganya. Kwa hiyo yupo mtu wa kudanganywa, ila hayupo pale kwenye ubao. Yuko harusini Jumamosi. Yuko ofisini kwenye mahojiano ya kazi. Yuko kwenye picha utakayoituma kwa wenzako wa Nairobi. Yuko hapa kanisani, mstari wa nyuma, dada mmoja anayekutazama na kufikiri maisha yake yamechelewa. Shilingi 200 ni kodi ya macho ya huyo mtu.

Sulemani alimjua mnunuzi huyu miaka mingi kabla ya miwani. Katika Mithali 20:14 anamweleza mtu anayesimama mbele ya bidhaa akiilaumu kwamba ni mbovu, ni mbovu, na akishaondoka anakwenda kujisifu. Si ndiye huyu? Pale ufuoni anasema kwa sauti, "Ah bwana, hii si ni feki tu, punguza!" Jioni harusini, mtu akimsifia miwani, anatabasamu na kunyamaza. Kwenye ubao alitumia ukweli kushusha bei. Harusini anatumia uongo kujipandisha yeye. Ukweli anaujua vizuri sana, ila anautoa pale tu unapomfaidi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ulisema kila mtu anaenda nyumbani amefurahi. Wewe na mteja, ndiyo. Lakini mlifanya mauzo ya watu watatu mkahesabu wawili.

Dawa na miwani

Mtu atauliza: basi kila kitu cha kuiga ni dhambi? Umbo la Aviator likiigwa, ni wizi? Hapa nchi yetu ina kesi ambayo inanisaidia kufikiri.

Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008. Maneno yake kuhusu bidhaa bandia yalikuwa mapana mno, kiasi kwamba yangeweza kuzikamata hata dawa za jeneriki, zile za bei nafuu zenye viungo vile vile vya dawa ya kampuni kubwa. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakaenda mahakamani, maana uhai wao ulikuwa kwenye dawa hizo. Mwezi wa Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vile, kwa jinsi vilivyohusu dawa za jeneriki, vinatishia haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya.

Ona tofauti. Dawa ya jeneriki haijifichi. Inasema mimi ni dawa fulani, nimetengenezwa na fulani, na bei yangu ni nafuu. Haivai jina la mwenzake. Unafuu wake ni wa kweli, na aliyetengeneza anaweza kuulizwa ikileta madhara. Dawa feki ni kitu kingine: inavaa boksi la mwenzake, na ikikuua huna wa kumshika.

Miwani ya 300 isiyo na jina ni kama ile jeneriki. Mtumba halisi kutoka Kongowea, hata kama umekwaruzika, ni wa haki, maana unajitangaza kuwa mtumba. Anayejifunza umbo na kulitengeneza kwa jina lake mwenyewe, huyo ni mfanyabiashara. Kuwa maskini si uongo, na kuuza rahisi si uongo. Kinachotutenga ni lile jina la mtu mwingine. Mithali 11:1 inazungumza juu ya mizani ya hila kuwa chukizo kwa Bwana. Jina kwenye bidhaa ni mizani: ndilo mtu anapimia thamani bila kufungua.

Ndugu anayeuza

Sasa nazungumza na wewe unayeuza, na sitaki kukuzungumzia kama mtu wa nje. Najua msimu ukiisha ufuo unavyokauka. Najua kuna ada ya shule nyuma ya ule ubao.

Kwanza, jua hatari yako. Sheria ile inamlenga mfanyabiashara: anayetengeneza, anayeingiza nchini, anayeuza, anayeweka bidhaa kwa ajili ya kuuza. Kwa kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa, au vyote viwili. Kumwambia mteja "hii si orijino" hakukuondoi kwenye sheria hiyo. Kumbuka pia mgeni wako. Italia, tangu 2005, imekuwa na sheria inayomtoza faini hata mnunuzi wa bidhaa bandia, na kwa sasa ni kuanzia euro 300 mpaka 7,000. Wao hawauoni ni mchezo wa ufuoni.

Pili, tuseme hesabu kwa mfano. Unanunua feki kwa 200, unauza 500, faida 300. Isiyo na jina unanunua 130, unauza 300, faida 170. Kwenye kila pea unaacha 130. Ukiuza pea 10 kwa siku, hiyo ni 1,300 ambayo haitaingia nyumbani. Sitakudanganya kwamba ukibadilisha bidhaa leo, Jumatatu utauza mara mbili. Pengine utauza pungufu. Kuna wahubiri watakuahidi mbingu zitafunguka kabla ya Ijumaa, na ahadi hiyo nayo ni kioo cheusi kisicho na kinga.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, wakauliza wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa. Ufuo usiuache. Badilisha ubao. Nunua isiyo na jina, ipime kwenye taa mbele ya mteja, mwoneshe noti inavyozimika. Muuzaji anayepima mbele ya macho yako ana kitu ambacho wenzake hawana, na jina linaloanza kujengwa pale ni lako. Mgeni akikaa wiki mbili hotelini, atawaambia wenzake wamtafute yule kijana wa taa.

Na zile feki zilizobaki usimwuzie mwenzako kwa hasara upate kuosha mikono. Hapo umekuwa muuzaji wa jumla.

Tatu, hili ni letu sote. Kanisa haliwezi kumwambia mtu aache 1,300 kwa siku halafu likamwombea na kumwacha hapo mlangoni. Tukimtaka ndugu yetu atupe bidhaa yake, sehemu ya hasara hiyo ni yetu. Chama cha akina baba kina mfuko wa mikopo. Nimewaomba wazee wafikirie kuufungulia mtaji mdogo wa kubadilisha bidhaa, bila riba, kwa yeyote atakayekuja akisema ukweli. Na sisi wengine tutakaohitaji miwani, tununue kwake, ile ya 300, hata kama haitatupendezesha kwenye picha. Tukiendelea kuvaa majina ya uongo Jumapili huku tunamhubiria muuzaji Jumatano, yeye ndiye atakayekuwa mkweli kutuzidi.

Na sisi wa madhabahuni

Haki inataka niseme na hili. Si miwani peke yake inayovaa jina la mwingine. Kuna vyeti vya udaktari wa heshima vinavyonunuliwa kwa mtandao, na kesho yake bango la mkutano limebadilika: jana alikuwa Mchungaji, leo ni Daktari. Kuna shuhuda zinazokopwa kutoka nchi nyingine na kusimuliwa kana kwamba zilitokea Msambweni. Vipimo ni vile vile. Tazama bawaba: anakwenda sawasawa nyumbani na madhabahuni? Soma namba za ndani, upime kwa rula. Mpitishe kwenye taa.

Isaka katika Mwanzo 27 alikuwa na dalili mkononi. Aliisikia sauti, na alitambua kwamba ni ya Yakobo. Lakini alikuwa amengojea mawindo, harufu ya chakula ilishamfikia, na mikono aliyoipapasa ilikuwa na manyoya ya mbuzi. Alikuwa na ushahidi wa kutosha. Hamu yake ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo kabla ya kukagua miwani, au mtumishi, au mchumba, jiulize kwanza: ninatamani sana hiki kiwe kweli kiasi gani? Kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo unavyohitaji taa zaidi.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa kwenye meza ya vijana, chini ya mwembe, na taa ya noti. Leteni miwani zenu, za jina na zisizo na jina. Sitamuuliza mtu alinunua wapi wala kwa bei gani. Tutaangalia tu kama zinalinda macho. Ndugu yetu aliyeuliza swali amekubali kuja kunisaidia kupima.

Mungu awabariki.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Ni kitu gani ulichonacho ambacho ulikilipia zaidi kwa ajili ya jina? Ni nani uliyetaka akione?

2. Mama wa mahamri akikuuliza kwa nini ulinunua kwenye ndoo yenye jina lake la kuibiwa, utamjibu nini?

3. Kama ndugu anayeuza angekuwa mtoto wako, ungechangia kiasi gani ili abadilishe ubao wake? Kikundi chenu kinaweza kutoa kiasi hicho?